"Shimo" au "Pengo"? Istilahi za Nusu-kipitishi Katika Tafsiri Zetu

Katika tafsiri za matini za elektroniki tunazosahihisha darasani, neno moja limekuwa likitusumbua: "shimo". Elektroni inapochomoka mahali pake ndani ya fuwele ya silikoni, nafasi inayobaki wazi huitwa hivyo kwa kufuata Kiingereza. William Shockley aliliweka neno hilo la Kiingereza hata katika jina la kitabu chake cha 1950, na huko limekubalika. Lakini je, nasi tunalazimika kuchimba?

Shimo huchimbwa, nalo hukaa palepale. Nafasi tunayoizungumzia huhama: elektroni ya jirani huingia humo ikaacha wazi ilipotoka, na hivyo nafasi husafiri kama chaji chanya. Kwa maoni yetu neno lifaalo ni "pengo", yaani mahali palipong'oka kitu. Tena pengo lina kitenzi chake tayari: huzibwa. Elektroni huru ikikutana na pengo huliziba, na vibeba-chaji vyote viwili hutoweka. Wanafunzi wetu, ambao wengi walijifunza Kiswahili shuleni, huandika "huungana tena", na msomaji hudhani kuna kitu kipya kilichoundwa.

Wapo watakaopinga kuwa tunalihitaji "pengo" kwa pengo la nishati, ambalo kwa silikoni ni takriban elektroni-volti 1.12. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, Kiswahili hutofautisha mwanya na pengo mdomoni: mwenye mwanya hakung'oka jino. Basi tuseme "mwanya wa nishati", kwani katika fuwele safi hapo hapana nafasi ya elektroni kukaa.

Kosa kubwa zaidi ni "maisha ya chaji". Fundi wa sola akisoma kuwa maisha hayo ni mikrosekunde kadhaa, atadhani ameuziwa paneli mbovu! Kinachopimwa ni muda ambao kibeba-chaji hudumu kabla pengo halijazibwa. Katika silikoni bora ya paneli muda huo unaweza kufika milisekunde, na urefu huo ndio unaoziwezesha chaji kufika kwenye maungio ya tabaka na kutoa umeme. Kinyume chake, katika baadhi ya dayodi za kuwasha na kuzima kwa kasi, dhahabu kidogo hutiwa makusudi ili muda uwe mfupi. "Muda wa kudumu" unatosha kwa hali zote mbili. Neno "maisha" tuiachie paneli yenyewe, ambayo hutarajiwa kutumika miaka 25 hivi.