Jicho Kwanza, Mkono Baadaye: Kumtambua Stadi wa Viungo vya Mbwa

Mbwa wa Kawangware aliyegongwa na bodaboda, hata plasta ikishatolewa, bado hajapona. Mguu umekonda, goti limekaza, naye amezoea kutembea kwa miguu mitatu. Sasa anahitaji mtu wa kuja nyumbani kumfanyisha mazoezi, na ni hapa mwenye mbwa hudanganyika, maana kila ajuaye kukanda huonekana fundi.

Stadi wa kweli hamgusi mbwa mara tu aingiapo. Huomba atembezwe kichochoroni, aende na kurudi polepole. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka unapokanyaga, kisha hushuka ule mzima unapopokea uzito. Ukiwa wa nyuma, nyonga ya upande unaouma ndiyo hupanda na kushuka zaidi. Kisha huinua nyayo akague kucha. Kucha zilizorefuka kwenye mguu mmoja tu zinaonyesha kuwa mguu huo haukanyagi sawasawa. Zilizosagika upande wa juu zinaonyesha unaburutwa, na huenda tatizo liko kwenye neva, si kwenye kiungo. Nikimwona mtu anasoma kucha, moyo wangu hutulia.

Halafu apime. Tepu ya fundi wa nguo inatosha: huizungusha pajani, mahali palepale, mbwa akisimama vilevile kila mara, na kuandika tarehe. Misuli hurudi kwa wiki nyingi, na anayemwona mbwa kila siku hawezi kuitambua tofauti kwa macho.

Mkono wake hushika juu na chini ya kiungo, hukunja taratibu, na hukomea pale mbwa anapogeuza kichwa, kulamba midomo au kubana pumzi. Hangoji kilio. Mara 10 hadi 15 zinatosha kwa mkupuo mmoja. Anayevuta mpaka mbwa alie, akidai anamnyoosha, mwondoe mara moja. Na kwa kuwa zoezi hili hurudiwa mara mbili au tatu kwa siku, stadi mzuri hukupa wewe mguu ule uushike mbele yake, akasahihisha vidole vyako.

Vyumba vingi vya Kibera ni kama mita 3 kwa 3, na umahiri huonekana katika kuvitumia. Hutandika gunia juu ya sementi ili nyayo zisiteleze. Hulaza mpini wa ufagio chini, mbwa auvuke akiinua miguu. Humkalisha na kumsimamisha tena na tena, zoezi lisilohitaji nafasi wala kifaa. Nje, vichochoro vinavyoteremka kuelekea Bwawa la Nairobi vina faida na hatari yake: kupanda hujenga misuli ya nyuma, lakini kushuka huielemea miguu ya mbele, kwa hiyo mbwa mwenye kiwiko kibovu hutafutiwa njia nyingine ya kurudi. Siku ya matope matembezi huahirishwa.

Kwa mbwa mzee mwenye baridi yabisi, swali la kwanza la stadi liwe chakula. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwafuata mbwa 48 aina ya Labrador maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao vilichelewa kuhitaji tiba. Anayekanda mbwa mnene bila kugusia sahani yake amefanya nusu ya kazi.

Akichomoa Brufen au Panadol mfukoni, mkatalie. Brufen hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Panadol huua paka, na hata mbwa huweza kumdhuru. Dawa ya maumivu iandikwe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Tena, kabla ya zoezi la kwanza, aulize kama mguu umepigwa eksirei. Asipouliza, mpeleke mbwa wako mwenyewe: kutoka Kawangware, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, si mbali.