Iliyolala Haipigwi Kiki

Gatsata jijini Kigali, ng'ambo ya mto Nyabugogo, kijana mmoja aliileta Yamaha AG100 ya marehemu babu yake, bwana shamba. Alikuwa ameshainua mguu aipige kiki fundi mmoja mzee alipomzuia. "Mwanangu, utakata ringi. Iache kwanza."

Mzee akafungua buji, akamimina dizeli kidogo ndani ya silinda, akaziba tundu kwa kitambaa, akaenda zake kunywa chai. Basi ikawa hivyo kila asubuhi: dizeli kidogo, kisha gia inaingizwa na gurudumu la nyuma linasukumwa kwa kiganja, mbele na nyuma, kadiri ya upana wa ukucha. Pistoni ilipokubali, hakushangilia. Alifuta mikono. Wapo ambao wangechukua nyundo siku ile ile, nami nimeziona silinda zao.

Watu wa umri wangu wanaijua AG100: keria mbele na nyuma, cheni iliyofungiwa ndani ya boksi isile vumbi, na stendi pande zote mbili. Aliyezoea nchi tambarare haoni kazi ya stendi ya pili. Kwetu barabara yenyewe ni ubavu wa kilima, na mpandaji huchagua stendi kwa kutazama mteremko unakoelekea. Walioitengeneza walikuwa wakiwafikiria wafugaji wa Australia na New Zealand, lakini naapa kwamba walishauriwa na mtu wa Rwanda. Ilibeba mabwana shamba, wachanjaji na mapadri. Watoto tuliitambua kwa mlio kabla haijatokea kwenye kona, tukajua ni mgeni yupi anayekuja na kama amekuja na sindano.

Kabureta ndiyo iliyomkalisha mzee muda mrefu kuliko vyote. Petroli ikikaa miaka huganda utomvu, na tundu la jeti ni dogo kuliko sindano. Alilizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Chuma hakitakiwi hapo, maana kitalitanua tundu na injini haitatulia tena. Tangi alilitia kokoto na mafuta ya taa, akalitikisa hadi likatema kutu. Gasketi alizikata mwenyewe, akiigonga karatasi taratibu juu ya ukingo wa chuma.

Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria Kigali haisajiliwi isipokuwa ya umeme. Betri ikiisha, unapewa nyingine kwa dakika chache, unaondoka. Sina ugomvi na hilo. Moshi wa injini za mipigo miwili kama ya AG100 ulikuwa mchafu, tusidanganyane. Kinachoniudhi ni tabia iliyoanza kabla ya umeme, ya kununua kabureta nzima kwa sababu ya tundu moja lililoziba. Kitu kikigoma, kinang'olewa chote. Hakuna anayeuliza kimegomea nini.

AG100 bado haijaondoka Gatsata. Sili za krenki zimekauka, na madukani wanampa mzee za pikipiki nyingine, anazigeuza mkononi na kuzirudisha. Mwanafunzi wake wa mwisho amepata kazi kwenye pikipiki za umeme. Mshahara uko huko, nani atamlaumu? Mwingine hajaja.