"Mtafiti" Asiyefika Rwamagasa: Hoja juu ya Istilahi za Akili Unde

Istilahi isiyofaa haichukizi masikio tu. Huweza pia kupotosha uamuzi. Siku hizi vikundi vya utafiti na ubunifu wa vifaa huzigawia programu za akili unde kazi maalumu. Programu huelekezwa, "Wewe ni mtafiti", kisha huelekezwa tena, "Wewe ni mhakiki." Tukiyapokea majina hayo katika taarifa zetu bila kuyapima, twajitafutia hasara.

Na tuchukue mfano wa Rwamagasa, mkoani Geita. Huko wachimbaji wadogo wamezoea kunasa dhahabu kwa zebaki, kisha mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki itoke. Na mvuke wake ni sumu. Mradi wa zebaki ulioendeshwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda kuanzia mwaka 2002 ulifika huko, ukahimiza vyombo vya kunasia mvuke huo. Tuseme leo kikundi cha wabunifu chataka kuunda chombo kilicho bora zaidi, na taarifa yake yasema: "Mtafiti amebaini kuwa wachomaji watakikubali chombo kinachoficha dhahabu wakati wa kuchoma. Mhakiki amethibitisha." Ofisa wa halmashauri aisomapo atahesabu mashahidi wawili waliokaa na wachomaji. Kumbe ni programu moja yenye majina mawili, nayo imeunganisha tu yale iliyojifunza katika maandishi. Hakuna mchomaji aliyeulizwa. Fedha zitatumika, vyombo vitatupwa kando, na mvuke utaendelea kuvutwa.

Kosa li katika kiambishi. Machimboni Geita na Shinyanga lugha ina nidhamu kuliko yetu: mchimbaji, mwoshaji na mchomaji ni watu, karasha na karai ni vyombo. Karasha husaga mawe kutwa, lakini haliitwi msagaji. Mawe yakisagwa vibaya, aulizwaye ni mwenye karasha.

Wako watakaosema kwamba programu hizi hujibu kwa maneno kama mtu, hivyo zastahili ngeli ya watu. Sungura wa ngano naye husema, nasi twampa upatanisho wa kiumbe. Lakini hatumwiti mahakamani kutoa ushahidi.

Kwa hiyo napendekeza "kisaidizi cha utafiti" na "kisaidizi cha uhakiki", na upatanisho wake uwe "kimependekeza", wala si "amebaini". Vilevile kisaidizi kipewe "kazi"; "jukumu" libaki kwa mtu, maana ndiye awezaye kuulizwa. Neno hili si geni kwa walimu wa sarufi: kitenzi kisaidizi hukisindikiza kitenzi kikuu. Wala kiambishi ki- hakidunishi kila mara. Kipimo na kinu havijadharauliwa kwa sababu yake.

Jina la mtafiti tumwekee yule aliyefika Rwamagasa, akauliza, akasikiliza, na ambaye jina lake liko chini ya taarifa.