Kusoma Mwangwi: Uhakiki wa Lugha ya Mafunzo ya Sona na Ramani za Ziwa

Walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Ni mara chache tunageukia maandishi ya kazi, ilhali hayo ndiyo yanayowafikia watu wengi, na kosa ndani yake laweza kumgharimu mtu chombo chake au uhai wake. Makala haya yanakusudia kuhakiki tawi moja la maandishi hayo, yaani mafunzo ya kutumia sona ya kutafutia samaki pamoja na ramani za kidijiti za ziwa. Tumevisoma vijitabu vya maelekezo vya Kiingereza vinavyouzwa pamoja na vifaa hivyo, na pia tafsiri za Kiswahili ambazo wanafunzi wetu huzifanya kama zoezi la darasani. Hoja yetu ni kwamba mafunzo haya yana upungufu wa aina tatu: yanafundisha vitufe badala ya kufundisha kusoma, yanahamisha maneno bila kuhamisha dhana, na yanaifanya ramani ionekane kuwa ndilo ziwa lenyewe.

Kwanza tueleze kwa ufupi vifaa hivi vimetoka wapi. Mwaka 1948 kampuni ya Furuno ya Japani ilitoa chombo cha kutafutia samaki kwa mwangwi kilichofaa kutumiwa katika uvuvi wa biashara. Nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Lowrance iliwaletea wavuvi wa maziwani sona ndogo ya kubebeka. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kujua mahali alipo kwa tofauti ya mita chache tu. Mwaka 2018 kampuni ya Garmin ilitoa sona inayowaonyesha samaki walio mbele ya chombo wakiwa bado wanasogea. Hapa kwetu, Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lililoundwa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, limekuwa likitumia njia ya mwangwi kukadiria wingi wa samaki. Kwa hiyo teknolojia hii si ngeni katika ziwa letu. Kilicho kigeni ni lugha ya kumfundishia mvuvi mwenyewe.

Upungufu wa kwanza ni wa mbinu. Vijitabu vingi tulivyovisoma huanza na orodha ya vitufe: bonyeza hiki, shikilia kile, chagua hiki tena. Mwanafunzi anamaliza kurasa ishirini bila kuambiwa picha anayoiona imetokana na nini. Lakini jambo lenyewe si gumu kueleza. Kifaa kinatuma sauti chini ya maji, sauti inagonga kitu na kurudi, na muda uliopita unageuzwa kuwa kina. Katika maji baridi sauti husafiri takriban mita 1,480 kwa sekunde. Kwa hiyo mahali penye kina cha mita 40 mwangwi hurudi kwa muda wa kama sekunde 0.05. Samaki huonekana vizuri hasa kwa sababu ya kibofu cha hewa kilicho mwilini mwake, kwani hewa hurudisha sauti kwa nguvu kuliko nyama. Mwamba hurudisha mwangwi mkali, na tope hurudisha mwangwi hafifu.

Jambo ambalo mafunzo hulipita haraka ndilo ambalo mwalimu wa lugha angelisimamia kwa muda mrefu zaidi, nalo ni wakati. Katika sona ya kawaida inayotazama chini, ukingo wa kulia wa skrini ndio sasa. Kila kilichoko kushoto kimeshapita. Picha ile si picha ya mnato ya ziwa, bali ni masimulizi. Mwalimu anayenyoosha kidole katikati ya skrini na kusema "samaki wapo hapa" amekosea njeo, kwa maana samaki hao walikuwapo. Tena chombo kikiwa kimesimama, picha huendelea kusogea vilevile. Samaki mmoja aliyetulia chini ya mtumbwi huchora mstari mrefu, na anayeanza kujifunza hudhani amempata sangara asiyewahi kuvuliwa na mtu. Lugha yenye -na-, -me-, -li- na -ki- haikosi njia ya kulieleza jambo hili. Tunachokosa ni mwandishi aliyelifikiria.

Vivyo hivyo kwa ile alama yenye umbo la upinde inayomwakilisha samaki. Baadhi ya wanafunzi huamini kuwa ni umbo la mgongo wake. Sivyo. Sauti huenea kama pia, nyembamba juu na pana chini. Samaki anapoingia pembeni mwa pia hiyo yuko mbali kidogo na kifaa, anapofika katikati yuko karibu zaidi, na anapotoka anakuwa mbali tena. Upinde ni historia ya umbali huo. Kwa pembe ya digrii 20, upana wa eneo linalosikilizwa ni kama mita 3.5 kwenye kina cha mita 10, na kama mita 14 kwenye kina cha mita 40. Anayejua hili hatashangaa akishusha mshipi wake wima na kumkosa samaki aliyemwona.

Upungufu wa pili ni wa istilahi. Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wake. Neno la Kiingereza linalotumika kwa kitufe cha kuongeza nguvu ya kupokea mwangwi ndilo hilo hilo ambalo katika biashara huwa na maana ya faida. Tumeona tafsiri inayomwambia mvuvi "ongeza faida endapo maji ni ya kina kirefu." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini haina msaada wowote. "Ongeza usikivu" ingemfaa zaidi, kwa kuwa inamwelekeza kwenye sikio, na sona ni sikio kabla ya kuwa jicho. Hali kadhalika, miamba, magogo na mabaki ya vyombo vilivyozama yote yameitwa "muundo," neno lisilomwonya mtu yeyote kuwa wavu wake utanasa. Kwa nini lisisemwe wazi: "vizuizi vya chini ya maji"?

Linalotusikitisha zaidi ni kwamba Kiswahili ni lugha iliyokulia pwani. Neno bildi, yaani timazi la kupimia kina, limo katika kamusi. Pima kama kipimo cha kina lipo. Fungu la mchanga lipo, kipwa lipo, mkondo upo. Hata rubani, ambaye leo tunamjua kama mwendesha ndege, alianza kama mwongoza vyombo majini. Mfasiri anayeunda istilahi ya maneno manne bila kufungua kamusi anaidhulumu lugha.

Hata hivyo hatutaki kuirahisisha hoja. Msomaji atauliza kwa haki: mvuvi wa Masese au Kasenyi analijua neno bildi? Mara nyingi halijui. Maneno yake ya ziwani yametoka katika Kiganda, Kisoga au Kijaluo. Dagaa wa Mwanza ni omena kule Kisumu na mukene hapa Uganda. Kwa hiyo kurudi kwenye msamiati wa pwani si dawa ya kila kitu. Istilahi inapaswa kupimwa kwenye mwalo, kwa kumsomea mvuvi sentensi na kumwomba aeleze amelielewa vipi, ndipo iingizwe kitabuni. Kama neno la pwani halishiki, na litumike la ziwani, mradi maana ibaki ileile kutoka Kirumba hadi Dunga hadi Ggaba.

Upungufu wa tatu unahusu ramani. Lugha ya matangazo huahidi kuwa ukiwa na ramani ya kidijiti unaliona ziwa lote kiganjani. Ahadi hiyo inaficha mambo matatu. La kwanza, vipimo vya kina huchukuliwa pale chombo cha upimaji kilipopita, na nafasi iliyo kati ya njia mbili hujazwa kwa makadirio. Mstari laini unaounganisha sehemu zenye kina kimoja hauthibitishi kwamba kuna mtu aliyepima kila nukta yake. La pili, maji hupanda na kushuka. Ziwa Viktoria lilishuka sana mwaka 2006, kisha mwaka 2020 na tena 2024 likapanda hadi kukipita kiwango cha juu cha mwaka 1964. Kina kilichoandikwa kwenye ramani kina maana tu ikiwa tunajua kilipimwa kutoka kiwango gani cha maji. La tatu, ramani huchora mpaka wa nchi ambao majini hauonekani. Mgogoro wa kisiwa cha Migingo kati ya Kenya na Uganda uliopamba moto miaka ya 2008 na 2009 unatukumbusha kwamba mstari huo unaweza kumfanya mvuvi akamatwe na nyavu zake zichukuliwe. Mafunzo yasiyosema lolote kuhusu mambo haya yanamwacha mwanafunzi akiwa na imani tu mahali pa ujuzi.

Wapo wenzetu wanaopinga jitihada hizi. Wengine husema vijana hujifunza kwa kugusagusa, hawahitaji kitabu. Ni kweli kwamba hujifunza vitufe kwa njia hiyo, lakini ile habari ya wakati na upinde haionekani kwa kugusa. Wengine husema kumfundisha mvuvi sona ni kuharakisha kumalizika kwa samaki. Hofu hii ina uzito, nasi hatuipuuzi. Lakini kifaa kinauzwa tayari, awe amefundishwa au hakufundishwa. Tena sona hiyohiyo humwonyesha kina kidogo kabla mtumbwi haujagonga mwamba, na GPS humrudisha nyumbani ukungu unapotanda.

Kwa nchi yetu kuna sababu moja zaidi. Uganda Kiswahili kimesikika kwa miaka mingi kama lugha ya askari, na mwaka 2017 wanajeshi walianza kufanya doria za ziwani. Mvuvi wengi wao wamekisikia kikiamrisha: simama, toa kibali, shusha nyavu. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kukitumia Kiswahili kama lugha rasmi, na shuleni kinatiliwa mkazo. Amri hizo hazitoshi kumfanya mtu akipende. Siku mvuvi atakapokitumia kuelewa mwangwi unamwambia nini kuhusu maji yaliyo chini yake, ndipo Kiswahili kitakuwa na faida kwake, na safari hii neno faida litakuwa mahali pake.

Tunapendekeza basi kwamba wanafunzi wa tafsiri wa mwaka wa tatu wapewe maandishi ya kazi sambamba na ya fasihi. Somo la sona lianze kwa kamba na jiwe, mwanafunzi apime kina kwa mkono wake, kisha alinganishe na namba ya kwenye skrini. Kila istilahi ijaribiwe kwa wanaoitumia. Na kila ramani inayofundishwa itajwe mwaka wa upimaji wake pale unapojulikana. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwanafunzi atakayeshika kamba mwanzoni atayapima kwanza, ndipo aziamini namba za skrini.