Vienna Hakuiba Benki: Ufundi wa Filamu ya Johnny Guitar

Mtu wa Mulanda, mashariki mwa Uganda, aliyezoea kwenda Tororo mjini au kuvuka Busia, anajua njia kuu inavyoweza kugeuza pori kuwa mali. Reli iliyotoka Kenya ikapita Tororo ndiyo iliyofika Kampala mwaka 1931. Palipopita reli palizaliwa maduka, na palipozaliwa maduka palizaliwa ugomvi. Kwa hiyo kisa cha Johnny Guitar, filamu ya kikauboi iliyotoka Marekani mwaka 1954, hakiko mbali nasi.

Vienna, anayeigizwa na Joan Crawford, amejenga baa ya kamari nje ya mji, mahali pasipo na wateja, kwa sababu anajua reli inakuja. Wenye ng'ombe wa mji huo hawaitaki reli, na Emma Small, anayeigizwa na Mercedes McCambridge, hamtaki Vienna mwenyewe. Kabla filamu haijaisha, Vienna atavalishwa kitanzi kama jambazi, ilhali hakuiba hata senti. Jina la filamu ni la mwanamume, mpiga gita anayemrudia mpenzi wake wa zamani, lakini steringi ni mwanamke. Nataka tuangalie mwongozaji Nicholas Ray na mpiga picha Harry Stradling walivyotuonyesha mhalifu akitengenezwa na watu mbele ya macho yetu.

Kwanza, mahali pa kusimama. Umati wa Emma na wenye ng'ombe unapoingia kwenye baa kwa mara ya kwanza, Vienna yuko juu ya ngazi, amevaa shati jeusi na suruali, bastola mkononi. Chini ni biashara. Juu ni kwake, hakuna apandaye bila idhini. Kabla ya maneno mengi, ngazi zimeshatueleza nani ana mali na nani anaitamani. Vilevile ukuta wa nyuma wa baa ni mwamba mtupu, mwekundu, kana kwamba nyumba imeota kutoka mlimani. Mwenye nyumba ya namna hiyo hahamishwi kwa vitisho. Itabidi achomwe moto.

Pili, mtazamaji amefanywa shahidi. Genge la Dancin' Kid linasingiziwa wizi wa gari la farasi la abiria, ambamo kaka yake Emma aliuawa, na kupewa saa 24 kuondoka. Kwa kuwa wameshaitwa wezi, wanaamua kuiba kweli, na benki wanayoivamia ndiyo Vienna aliyokwenda kutoa fedha zake. Ray angeweza kutuficha tukio hilo, tukae tukijiuliza kama Vienna alihusika. Hakufanya hivyo. Ametuingiza benki pamoja naye, tukaona kwa macho yetu. Tangu hapo hatuna fumbo la kufumbua. Tuna uchungu tu wa kujua ukweli na kushindwa kuusema, kwa kuwa sisi tuko upande huu wa kioo. Nauona uamuzi huo kuwa ndio msingi wa filamu nzima.

Tatu, rangi. Studio ya Republic, iliyozoea filamu za bei nafuu, ilitumia Trucolor, mfumo wa rangi kali kuliko maisha yalivyo. Ray hakuupiga vita ukali huo, aliutumia. Wasakaji wanatoka kwenye mazishi ya kaka huyo moja kwa moja kwenda kumsaka Vienna, wote wamevaa nguo nyeusi za msiba. Wanapoingia kwake usiku, yeye yuko peke yake kwenye piano, amevaa gauni jeupe, na nyuma yake ni ule mwamba mwekundu. Ukizima sauti bado utaelewa kwamba huu ni umati na yule ni mtu mmoja. Katika pambano la mwisho amevaa shati la njano na skafu nyekundu: si wa huzuni tena, si wa kusubiri.

Nne, ushahidi wa kulazimishwa. Turkey, kijana wa genge aliyejeruhiwa, anafichwa na Vienna na kugunduliwa. Wanamwahidi kwamba akimtaja Vienna hatanyongwa. Anamtaja, na wanamnyonga. Watazamaji wa Marekani wa mwaka 1954 waliweza kuitambua hali hiyo mara moja, maana kamati ya Bunge lao ilikuwa ikiwaita wasanii wataje wenzao waliodhaniwa kuwa wakomunisti. Sterling Hayden, anayeigiza Johnny, alitaja majina mbele ya kamati hiyo mwaka 1951, akaja kujuta hadharani. Ward Bond, anayeigiza mmoja wa viongozi wa msako, alikuwa katika maisha yake halisi miongoni mwa vinara wa kuwapinga wakomunisti Hollywood. Hotuba haikuhitajika, sura zao zilitosha.

Mwishoni wanaume wa msako wanachoka na damu, wanakataa kusonga mbele. Wanabaki wanawake wawili na bastola, na Emma anaanguka. Umati uliodai haki umebaki umesimama ukitazama, na aibu hiyo kamera inawaachia wao.

Sisi wa mpakani tuna akina Vienna wetu. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo viwili vya forodha. Mama aliyepakia gunia la mahindi kwenye baiskeli hiyo ameitwa mtu wa magendo kwa miaka mingi, hata pale alipokuwa akitafuta ada ya shule tu. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Busia mwaka 2018, lakini filamu inayomtazama mama huyo kwa heshima Vienna aliyopewa bado tunaidai.

Kijana wa Mulanda, Tororo au Busia mwenye simu ya kupigia picha, usianze na bunduki. Tafuta kwanza mahali atakaposimama mama huyo. Mwamba wa Tororo unatosha kuwa ukuta wa nyuma yake. Chagua rangi ya kanga itakayomtenga na umati. Kisha tuonyeshe ukweli wake mapema, kabla wanaomshtaki hawajafungua mdomo.