Aini Imekaa Wapi?

Mswahili anayefungua kijitabu cha dua kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini hujiona yuko nyumbani. Dh, th, gh: zote anazijua tangu darasa la kwanza. Mjerumani hana bahati hiyo, na mfumo wake wa kuandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini, DIN 31635 wa mwaka 1982, unamtwisha nukta, vistari na vikofia: ḏ, ṯ, ġ, š. Vikofia hivyo vina kazi yake, kwani kila konsonanti ya Kiarabu inapata herufi moja tu ya Kilatini. Sisi wa sh tukitaka kuandika ashal, yaani "rahisi zaidi", tusipoweka kistari (as-hal, kama tunavyoandika Is-haka) msomaji atatamka shini isiyokuwapo.

Kwenye konsonanti ugomvi si mkubwa. Tīn ni tini, ṭīn ni udongo. Nukta chini ya t inatosha, mradi mpiga chapa asiiangushe. Mashaka yanaanzia kwenye irabu.

Chukua kitāb. Kistari juu ya a kinamwambia msomi avute. Mswahili asiyekizoea atakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama kawaida yake, na kusema KI-tab. Mwandikie kitaab: atasema ki-TA-ab, na mkazo umetua panapotakiwa bila maelezo yoyote. Kwa msomaji wetu, aa inaishinda ā kwa mbali. Bahati hiyo ina mpaka, lakini. Neno baraka Mwarabu hulikaza kwenye ba, sisi kwenye ra, na mifumo hii haionyeshi mkazo kabisa.

Tena aa hiyo ina deni la zamani. Katika maana na baada, a ya pili imekalia kiti cha aini, konsonanti ya kooni ambayo Kiswahili hakikuichukua. Mwanafunzi akikuta baʿda kijitabuni, jicho linaona "baada" yake ya kila siku. Anavuta a, na aini imekwenda. Kile kialama ʿ hakimzuii. Alama ya namna hiyo anaijua kutoka ng'ombe, na pale si herufi inayosimama peke yake. Wasomi wameichukua konsonanti kamili wakaiandika kama vumbi la wino.

Vijana wa simu, wanaodharauliwa kwa kuharibu Kiarabu, hapa wamefanya vizuri zaidi. Huandika ba3da. Tarakimu 3 ni kama aini iliyogeuzwa upande, ina kimo sawa na herufi nyingine, wala huwezi kuiruka bila kuiona. Tim Buckwalter, aliyeunda mfumo wake kwa ajili ya kompyuta katika miaka ya 1990, naye aliipa aini herufi nzima, E. Shini aliipa alama ya dola, jambo ambalo mashine hailalamikii. Mtoto wa chuoni angelalamika.

Kuhusu al-shams na ash-shams ("jua", ambapo l huandikwa lakini husomwa sh), sina la kubishana. Maktaba za Marekani huandika la kwanza kwa sababu zinafuata tahajia. Anayejifunza kutamka apewe la pili, kama DIN inavyofanya kwa herufi zake.

Kijitabu cha dua chenye 3 katikati ya maneno kitachekwa msikitini. Mimi ningekichapa hivyo hivyo, na aa zake zote.