Alama za Urushaji au Ubora wa Mchezaji? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Mpira wa Kimarekani

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wafasiri na watangazaji, yamo yanayoonekana madogo lakini yamebeba jambo kubwa. Mojawapo ni hili: katika mpira wa Kimarekani, ile hesabu inayotumiwa kupima urushaji wa kwotabeki iitwe nini kwa Kiswahili? Tumekwisha kuona majibu matatu, nayo ni "ubora wa kwotabeki", "kiwango cha kwotabeki" na "alama za mrushaji". Huenda msomaji akadhani kwamba tofauti yao ni ya ladha tu. Sisi twaona sivyo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mawili kati ya majina hayo yanampotosha msomaji, na la tatu lahitaji kurekebishwa kidogo.

Yafaa kwanza tumtambue mchezaji mwenyewe. Katika mchezo huo kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza yadi 10. Kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio, kisha huamua aukabidhi kwa mwenziwe, akimbie nao, au aurushe mbele kwa mkono, jambo lililoruhusiwa tangu mwaka 1906. Jina lake lilitokana na mahali alipokuwa akisimama, yaani kati ya safu ya mbele na hafubeki. Wako waliomwita "mlinzi wa robo". Jina hilo halifai hata kidogo. Ni robo ya nini, na analinda nini, hali yeye ndiye kiongozi wa mashambulizi? Lugha yetu ilikwisha kuyapokea maneno beki na hafubeki kutoka kandanda, na kwotabeki ni wa ukoo huohuo. Linalobaki ni kwamba fasili yake ieleze waziwazi kuwa huyu si beki wa kuzuia.

Kwa upande wa kitendo, neno "pasi" limekwisha kuzoeleka kwa mpira unaopigwa kwa mguu. Kwa hiyo twapendelea "mrusho". Mrusho waweza kudakwa na mwenzi, waweza kukosa, au waweza kunyakuliwa na mpinzani. Maneno kudaka na kunyakua tunayo tangu zamani, wala hatuna haja ya kuyakopa kwingine.

Sasa tuje kwenye kipimo. Kabla ya mwaka 1973 ligi kuu ya Marekani ilibadilisha mara kadhaa vigezo vya kumpata mrushaji bora wa msimu. Mwaka huo ilikubali kanuni moja iliyotungwa na kamati iliyoongozwa na Don Smith. Kanuni hiyo ina mafungu manne: asilimia ya mirusho iliyodakwa, wastani wa yadi kwa kila mrusho, asilimia ya mirusho iliyozaa tachidauni (yaani bao la pointi 6), na asilimia ya mirusho iliyonyakuliwa. Kila fungu hupewa thamani isiyopungua 0 wala kuzidi 2.375. Mafungu hayo hujumlishwa, jumla ikagawanywa kwa 6, kisha ikazidishwa kwa 100. Mrushaji aliyedakiwa asilimia 50, akapata yadi 7 kwa kila mrusho, tachidauni 5 na minyakuo 5.5 katika kila mirusho 100, hupata 1 katika kila fungu. Jumla yake ni 4, na alama zake ni 66.7. Upeo wa kanuni nzima ni 158.3.

Hatuna budi kukiri sifa za kanuni hii. Imewekwa wazi, na kila mwenye kalamu na karatasi aweza kuirudia na kupata jibu lilelile. Lakini tukiichambua twaona kwamba kila mrusho uliodakwa huhesabiwa kana kwamba umeleta yadi 20 za nyongeza, tachidauni yadi 80, na mnyakuo hasara ya yadi 100. Mizani hiyo yaweza kupotosha. Tuchukue warushaji wawili wa kubuni. Wa kwanza amerusha mara 10, mirusho yote ikadakwa, lakini amepata yadi 30 tu. Wa pili amerusha mara 10, mirusho 5 ikadakwa, akapata yadi 80. Hakuna aliyepata tachidauni wala kunyakuliwa. Kanuni yampa wa kwanza 79.2, na wa pili 77.1. Ilhali kwa mwendo wa yule wa kwanza, majaribio matatu huzaa yadi 9, na timu haijazifikia 10 inazozihitaji. Zaidi ya hayo, mtu anayerusha mirusho yake yote ikaanguka chini pasipo kudakwa na yeyote hupata 39.6, kwa sababu tu hakunyakuliwa.

Yako pia yale ambayo kanuni haiyaoni kabisa. Kuangushwa kabla ya kurusha hakumo. Mbio za kwotabeki mwenyewe hazimo. Mrusho mzuri ulioponyoka mikononi mwa mdakaji huhesabiwa kuwa kosa la mrushaji, na mrusho wa yadi 2 ambao mdakaji ameukimbiza yadi 70 huhesabiwa wote kuwa sifa yake. Ligi yenyewe imekuwa ikieleza kwamba kanuni hii hupima warushaji, si makwotabeki.

Hapo ndipo "ubora wa kwotabeki" linapoanguka, kwa kuwa linadai kile ambacho wenye kanuni hawakukidai. "Kiwango" nalo lina hitilafu yake. Katika magazeti yetu ya michezo, kusema kwamba kiwango cha mchezaji kimeshuka ni kuhukumu uchezaji wake wote. "Alama za mrushaji" li karibu zaidi na ukweli, lakini bado linamtaja mtu. Kinachohesabiwa ni matokeo ya mirusho, na mirusho hiyo ni kazi ya wengi. Kwa hiyo twapendekeza "alama za urushaji". Neno "tathmini" na liwekwe akiba kwa ile kazi pana ya kumchunguza kwotabeki kwa macho na kwa hesabu: shabaha yake, uamuzi wake, wakati anaourusha mpira, na hali ya mchezo. Hesabu nyingine iliyoanzishwa na ESPN mwaka 2011, yenye kipimo cha 0 hadi 100, imejaribu kuyaingiza baadhi ya mambo hayo, ila kanuni yake yote haikutangazwa.

Tuna nasaha mbili kwa wafasiri. Kwanza, wasiandike alama bila upeo wake. Msomaji wetu amezoea alama za shule, na akiona 95 atadhani mtu amebakiza 5 tu. Pili, wataje mwaka. Joe Namath alirusha yadi 4,007 mwaka 1967, akiwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa kuvuka 4,000 katika msimu mmoja, lakini kwa minyakuo 28 alama zake ni 73.8. Aaron Rodgers alipata 122.5 mwaka 2011. Anayeziweka namba hizo bega kwa bega bila maelezo asahau kwamba asilimia 50 ya mirusho kudakwa ilikuwa ndiyo wastani uliokusudiwa na kamati, hali siku hizi wastani wa ligi umepita 60.

Huenda mwalimu au mtumishi wa serikali akauliza mchezo huo wa mbali unamhusu nini. Unamhusu kila anapotia sahihi karatasi yenye namba. Alama za mtihani si akili ya mwanafunzi, wala idadi ya majalada yaliyofungwa si ubora wa karani. Jina tunalokipa kipimo ndilo linaloamua watu wataamini kimepima nini. Tunawakaribisha wasomaji watuletee maoni yao, hasa wale wenye neno bora kuliko hili letu.